Mninga unatoka rangi ya chungwa kwenye video: ninunue kamera gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Cheyo hapa Tabora. Natengeneza vitanda, makabati na meza za chakula, mninga mtupu. Siku hizi zaidi ya nusu ya wateja wangu wako mbali: Dar es Salaam, Mwanza, na mmoja yuko Muscat. Wanalipa kwa awamu, na kabla ya kutuma awamu ya pili wanataka waone kazi imefikia wapi. Napiga video kwa simu yangu ya Samsung, ya bei ya kawaida tu, ila inatoka na mistari myeusi inayotambaa, mbao inakuwa ya rangi ya chungwa, na nikituma WhatsApp inafika imevurugika. Mteja mmoja wa Dar ameniambia wazi kwamba ile si mninga, nimempiga. Nina laki nane. Kuna jamaa ananiuzia Handycam ya Sony ya mtumba, ya diski ndani, na mkoba wake na stendi yake ya miguu mitatu, laki sita. Nichukue hiyo, au nitafute kamera gani?"

Marahaba fundi, na mwangaluka. Nianze na la haraka, maana huenda jamaa mwenyewe amekaa kwenye benchi lako anasubiri jibu: usichukue. Laki sita ikitoka hapo utabaki na laki mbili, kamera ya kizamani, na matatizo yako yote matatu yakiwa palepale. Mistari itaendelea kutambaa, chungwa litabaki chungwa, na WhatsApp, badala ya kuivuruga video yako, haitaitambua hata kuwa ni video.

Sina ugomvi na Handycam. Zimenilisha miaka mingi, harusi kwa harusi. Lakini zile za diski ndani zilitengenezwa kwa matumizi mengine. Nyingi zinahifadhi video kwa mfumo uitwao AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliuleta mwaka 2006, na shabaha yake ilikuwa mtu aangalie kwenye televisheni au achome diski. Ukiichomeka kwenye kompyuta, video huioni. Unafungua folda ya AVCHD, ndani yake kuna BDMV, ndani yake kuna STREAM, na humo ndimo unakuta mafaili yenye majina ya namba tupu yakiishia na MTS. Simu nyingi hazijui faili hilo ni mnyama gani. Inabidi uligeuze kuwa MP4 kwa programu kama HandBrake, ambayo ni ya bure na ni nzuri, kisha ulihamishie kwenye simu, ndipo ulitume. Tena kamera hizo mara nyingi hurekodi kwa mistari ya kupokezana, nusu ya picha sasa na nusu nyingine baadaye kidogo, kwa hiyo kitu kikitembea kwa kasi kingo zake zinatoka na meno kama kitana. Ukipiga randa mbele yake, msumeno na randa havitakuwa na tofauti.

Haya yamenikuta mwenyewe. Mwaka 2014 kuna mwenyeji wa hapa anayeishi nje aliniomba nimpigie video za nyumba yake iliyokuwa inajengwa Ipuli, kila wiki mara moja. Nikaenda na kamkoda yangu, nikapiga dakika arobaini safi kabisa. Kompyuta ikageuza mafaili usiku kucha, umeme ukakatika mara mbili, kazi ikaanza upya mara mbili. Kisha foleni ya intaneti kafe. Video ilimfikia siku ya nane. Akanipigia simu papo hapo: mbona bomba la maji machafu limepitishwa upande wa jikoni? Alikuwa na haki kabisa. Ila zege la sakafu lilimwagwa siku ya tano.

Tangu hapo, kamera yoyote ya kazi ya aina yako naipima kwa swali moja kabla ya mengine: kuanzia unapobonyeza kurekodi mpaka mteja anapoangalia, unapita muda gani? Kwa seremala, muda huo unatakiwa uwe mfupi kuliko muda wa gundi kukauka. Mteja akisema "fundi, hiyo droo ya juu nilitaka iwe ya chini", umsikie ungali unaweza kuibomoa bila kutumia patasi. Kwa kipimo hicho, kamera inayoshinda iko tayari mfukoni mwako. Inarekodi, inahifadhi na inatuma yenyewe. Kazi iliyobaki ni kuifanya iseme kweli.

Kwanza kabisa, kabla hujatoa hata shilingi, geuza simu uangalie kile kioo cha kamera nyuma. Karakana ya seremala haina kioo kisafi. Kuna unga wa msasa, kuna mvuke wa vanishi, kuna jasho. Vikichanganyika vinaweka utando ambao huuoni, lakini taa ikipiga, picha nzima inakuwa na ukungu. Usifute kwa pindo la shati, kwa kuwa unga wa mbao na mchanga wetu wa Tabora vinakwaruza kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha futa kwa kile kitambaa laini cha miwani. Nimewahi kuletewa simu ya kutengenezwa kamera, nikaifuta, nikairudisha.

Sasa mistari. Hapa simu yako haina kosa. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona, kwa sababu haichukui picha yote kwa mpigo. Inaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imefifia inatoka myeusi, iliyosomwa taa ikiwa imekolea inatoka myeupe, na kwa kuwa mwendo wa simu haulingani na mwendo wa umeme, mistari inatambaa. Dawa yake ni kuifungua shata, yaani ule mlango wa kamera unaopitisha mwanga, kwa muda unaolingana na umeme wetu: 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ikiachwa ijichagulie yenyewe, mara 1/240, mara 1/90, mistari haiishi.

Simu za daraja la yako mara nyingi zina PRO, sehemu ya kupanga kamera kwa mkono, ya picha za mnato tu, video hakuna. Pakua programu iitwayo Open Camera. Ni ya bure na haina matangazo. Ingia kwenye mipangilio yake, chagua Camera2 kama simu yako inaikubali, kisha tafuta sehemu ya kuzuia mistari ya taa uweke 50Hz. Kama unaweza kupanga shata kwa mkono, weka 1/100 kwenye mwanga mzuri, 1/50 kukiwa na giza. Kuna nyingine nzuri zaidi, Blackmagic Camera, nayo ya bure. Ilianza kwa iPhone mwaka 2023 ikaja Android mwaka 2024, ila haikubali kila simu. Ijaribu, ikikataa, rudi kwa Open Camera, hukosi kitu. Angalizo dogo: ukiwa unatumia jenereta, hesabu hii inayumba, maana jenereta ndogo haishiki 50 sawasawa. Siku ya jenereta piga video nje.

Sasa tuje kwenye chungwa. Hili ndilo linalokupotezea heshima, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mwanga una rangi. Inapimwa kwa Kelvini: balbu ya njano ina kama 3,000, mwanga wa jua la mchana una 5,500 hivi. Sisi ubongo unasawazisha, karatasi nyeupe tunaiona nyeupe popote. Simu nayo inajaribu kusawazisha, lakini inakisia. Fikiria unavyosimama: mlango uko wazi, jua linaingia upande mmoja, juu ya benchi kuna balbu ya njano. Simu inaangalia mlango, inasema "hapa ni mchana", inajipanga kwa mchana. Kitanda kiko chini ya balbu. Kitatoka chungwa hata ungekitengeneza kwa mbao nyeupe. Na kama upande mmoja wa karakana umezibwa kwa turubai ya bluu, kama karakana nyingi nilizoingia hapa mjini, basi ukigeukia huko mninga uleule utatoka wa zambarau ya mavumbi. Mteja wa Dar anaangalia video ya Jumatatu na ya Alhamisi, anaona mbao mbili tofauti. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kwa hiyo, moja: usichanganye mianga. Ukitumia mlango, zima balbu. Ukitumia taa, funga mlango. Mbili: kabla ya kurekodi, shika karatasi nyeupe ya A4 mbele ya kazi, pale pale mwanga unapoangukia, kisha panga mizani ya weupe (kwenye programu inaitwa white balance) kwa mkono mpaka karatasi ionekane nyeupe kwenye kioo cha simu. Ukishapanga, funga isibadilike katikati ya video. Tatu, na hii ni siri ya bure: iache karatasi ionekane sekunde mbili za mwanzo wa kila video. Mteja akiona karatasi ni nyeupe, hana pa kusema kwamba rangi ya mbao imepotoshwa. Karatasi inakutolea ushahidi.

Mninga wenyewe, unajua kuliko mimi, hauna rangi moja. Kuna wa kahawia ya dhahabu na kuna unaovuta wekundu, inategemea mti na ulikoota. Mtu wa mjini haelewi hilo. Anajua "mninga ni mwekundu" kwa sababu aliona gome likitoa ule utomvu wa damu, au alisimuliwa tu. Usisubiri kazi ipigwe vanishi ndipo uanze kupiga video. Anza ubao ukiwa mbichi kutoka kwenye randa: onyesha kichwa cha ubao, mstari wa nyuzi, na ule weupe wa pembeni unapokutana na kiini cha kahawia. Kama mbao ina alama ya nyundo ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, ianzie hapo. Kisha kazi ikiisha, vuta droo, igeuze, onyesha tumbo lake ambalo halijapakwa kitu. Mpaini uliopakwa rangi hauwezi kuigiza hapo.

Mwanga bora ni wa bure. Tabora tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta na juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Jua la saa sita mchana linashuka wima kama timazi, vivuli vyeusi, weupe unaochoma. Vuta kazi mpaka karibu na mlango saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, iweke mwanga uipige ubavuni. Mwanga wa ubavuni hauna aibu: kila alama ya randa iliyobaki, kila mkwaruzo wa msasa uliokwenda kinyume na nyuzi, unaonekana. Najua unaogopa hapo. Lakini mteja akiona ubao mkavu chini ya mwanga wa aina hiyo na hauna mkwaruzo, hatakuuliza tena. Na ukiona mkwaruzo wewe kwanza, si umeokoa kopo la vanishi?

Basi laki nane ningeitumia hivi. Stendi ya miguu mitatu yenye kushika simu imara, nzito kidogo, si ile ya miguu ya kukunja kama pweza. Isizidi laki moja. Taa ya LED ya kurekodia, ya betri, isiyopepesa, yenye namba ya CRI ya 95 au zaidi. CRI ni alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, mwisho wake ni 100. Usimsikilize muuzaji anayekutajia wati peke yake. Laki mbili hivi itengee hiyo taa. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, hapa hata ya elfu hamsini inatosha. Pawabenki, kama huna. Inayobaki iwekee bando na uitunze. Kama simu yako baada ya haya yote bado inakusumbua, ongezea ununue simu nzuri zaidi, yenye kutuliza mtikisiko kwa lenzi yenyewe na si kwa kukata kingo za picha.

Kwenye maiki kuna mtego mmoja unaokula hela za watu. Angalia pini yake. Yenye mikanda mitatu myeusi ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera. Ukichomeka ya kamera kwenye simu, simu itaendelea kutumia maiki yake yenyewe, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Simu nyingi mpya hazina hata tundu la pini, zinataka ya tundu la chaji. Na mashine ya randa ikiwa inanguruma hakuna maiki itakayokuokoa. Izime, ongea, kisha iwashe.

Sasa nikuonyeshe video moja tu, kama nilivyompangia seremala mmoja rafiki yangu, kitanda cha sita kwa sita, mguu wa kichwani. Sekunde 45, bila kukata mahali popote. Simu iko kwenye stendi, umbali wa mita mbili na nusu, inaona fremu nzima ya kitanda. Karatasi nyeupe, sekunde mbili. Fundi anasema: "Leo ni Jumanne tarehe fulani, kitanda cha mama fulani, nafunga mguu wa kwanza." Jina la ukoo halitaji. Anaichomoa simu kwenye stendi video ikiendelea, anasogea polepole. Ulimi wa mbao uko wazi, umekatwa, kingo kali. Anaweka futi ya chuma juu yake, namba zinasomeka. Anaishika simu kwenye sentimita kumi na tano, anagusa kioo kwenye ulimi ili fokasi iende hapo, anasubiri sekunde moja itulie. Hapo unaona nyuzi za mninga zikipita moja kwa moja kuingia kwenye ulimi, hazijakatwa na fundo. Mkono wa pili unausukuma ulimi kwenye tundu lake bila gundi. Unaingia, unakwama kidogo karibu na bega, nyundo ya mpira inagonga mara mbili, na bega linakaa. Haipiti hata karatasi. Kisha anauchomoa tena, kamera iusikie ule mlio. Anamaliza: "Kama kuna la kubadilisha, niambie kabla ya saa kumi, nikishapaka gundi hakirudi."

Umeona? Hakuna muziki, hakuna maandishi yanayoruka. Na hakuna kukata. Video ya tangazo unaikata upendavyo, lakini hii ni ya mtu aliyetoa hela akiwa mbali zaidi ya kilomita 800, na kila mahali unapokata anajiuliza nini kimefichwa. Kwa hiyo kwenye video za maendeleo, usikate hata pale unapopiga chafya.

Mambo mawili ya lenzi. Huenda simu yako ina ile lenzi ya kuona upana sana. Usiitumie kwa kabati. Inapinda mistari ya pembeni, kabati lililonyooka linaonekana limebinuka, na utatumia jioni nzima kumweleza mtu wa Mwanza kwamba milango yake haina kasoro. Rudi nyuma mita tatu, tumia lenzi ya kawaida. Na vanishi ikishakauka, ukisimama uso kwa uso na kabati utarekodi sura yako na bati la paa. Simama kwa pembe, utafute mahali ambapo mng'ao unaondoka.

Ah, na usishike simu mkono mmoja huku unasukuma ubao kwenye msumeno wa duara kwa mkono wa pili. Nimeona video hizo. Kuna kijana wako pale, mpe yeye simu.

Kutuma. Dakika moja ya 1080p, ule ubora wa kawaida wa video, kwenye Samsung mara nyingi inakwenda megabiti 17 kwa sekunde. Gawa kwa nane, zidisha kwa sitini, ni karibu MB 128. Ukirekodi 4K, ule ubora wa juu zaidi, kwa megabiti 48 ni MB 360 kwa dakika moja. WhatsApp ikiona mzigo huo inaubana mpaka nyuzi za mbao zinakuwa uji. Kwa hiyo 4K achana nayo. Rekodi 1080p, video fupi, na unapotuma gusa alama ya HD. Bila kuigusa inatuma ile ya chini. Video ya kiungo cha mbao, ile ambayo mtu anaweza kuja kubishana nayo, itume kama hati, si kama video: WhatsApp inaipokea hati mpaka GB 2 na haiigusi. Ni bando zaidi, kwako na kwake, basi ifanye kwa ile moja au mbili zenye uzito.

Kwa mteja wa kazi kubwa, tuseme jiko zima, njia ninayoipenda ni YouTube. Unapandisha video ukichagua isiorodheshwe, mwenye linki tu ndiye anaiona. Faida yake ni kwamba YouTube inajirekebisha kwa intaneti ya anayetazama. Wa Muscat mwenye Wi-Fi anaona nyuzi zote, na shemeji yake wa Dar mwenye bando la mwisho wa mwezi anaona ya 360 na bado anaelewa. Wewe umepandisha mara moja. Simu za video za moja kwa moja ziwekee maamuzi tu, "huu mshikio au ule". Mtandao ukikwama sura zinaganda, na mazungumzo hayaachi ushahidi.

Angalia pia mpangilio wa simu unaosema H.265 au "ufanisi wa juu". Unapunguza ukubwa wa faili, ni kweli, lakini simu na kompyuta za zamani zinaonyesha weusi na sauti tu. Uzime, baki na H.264, ambayo iko tangu 2003 na karibu kila kifaa kinaifungua. Mafaili ya asili usiyafute mpaka kazi ifike na mteja akubali. Yape majina ya tarehe na kazi, nakala moja kwenye simu, nyingine kwenye Google, ambako unapewa GB 15 za bure. Na ule ukuta wako wenye karatasi za oda, majina na namba za simu za watu, usiwe nyuma ya kazi wakati unarekodi. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, mteja mmoja hapaswi kujua mwenzake ameagiza kitanda cha bei gani.

Unaweza kuniambia: "Mwalimu, nimekuuliza kamera, umenipa karatasi ya A4." Haya, siku ukikuza biashara ukataka kamera kweli, mambo ya kuangalia ni haya. Irekodi MP4 yenyewe, na iunganishe na simu kwa Wi-Fi ili video ihame bila kompyuta. Ikupe shata na mizani ya weupe kwa mkono. Ikubali picha 25 au 50 kwa sekunde: mtumba mwingi unatoka Japani na Marekani, mwingine umefungwa kwenye 30 na 60, na wa Japani menyu yake huenda ni Kijapani tupu, kwa hiyo iwashe uione kabla ya kulipa. Iwe na tundu la maiki. Iweze kuona karibu: zile ndogo za michezo kama GoPro zinavumilia vumbi na maji, lakini futi ya chuma kwenye sentimita kumi na tano inakuwa ukungu. Zile za kubadilisha lenzi zina picha tamu ajabu, ila ukifungua lenzi ndani ya karakana yako unga wa mbao unakaa kwenye kihisi, kile kinachopokea picha, na jinsi zinavyofifisha nyuma utaona ncha ya ulimi imekaa vizuri na bega lake limeyeyuka. Kwa mtu anayetembea akionyesha kazi, ile kamera ndogo ya DJI Osmo Pocket 3 iliyotoka 2023 inatulia mkononi vizuri sana. Lakini bei yake haiingii kwenye laki nane yako, na sitaki uikope.

Memori kadi, kama utafika huko: tafuta alama ya V30 au U3, maana yake inaandika angalau MB 30 kwa sekunde. Na kadi bandia ni nyingi. Ukinunua ya GB 64, siku hiyohiyo ijaze mpaka juu kwa video yoyote, kisha fungua zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Zikifunguka zote, ni ya kweli. Hata moja isipofunguka, rudi dukani kabla jua halijazama.

Kwa yule mteja wako wa Dar, usibishane naye kwa maneno. Kesho saa tatu toa kipande cha ubao uleule wa kitanda chake, zima balbu, shika karatasi yako mlangoni, kata kichwa cha ubao mbele ya kamera, mwonyeshe. Itume kama hati.

Na jamaa wa Handycam asiondoke hivihivi. Stendi yake ikiwa ya chuma na nzito, ndiyo inayofaa kazi yako. Muulize kama anaweza kukuuzia hiyo stendi peke yake.